Shairi la Bata Nyumbani kwa Shangazi Aleida

Shangazi yangu Aleida hushona glavu, lakini hapa Gouda, Uholanzi, watu wanamjua kwa sauti. Tangu afiwe na mume, kila Jumapili baada ya kanisa marafiki huja sebuleni kwake na mashairi yao, na msomaji ni yeye.

Sheria yao hunishangaza mpaka leo. Mashairi hutiwa bila majina ndani ya kofia ya Joost, maana ndiyo kubwa, na msomaji husoma lolote linalotoka, mpaka mwisho. Akikataa, anaachia kiti. Mtunzi naye akijitaja, anafukuzwa kundini.

Joost ni fundi wa viko vya udongo vya kuvutia tumbaku, na kile kiti alikitamani siku nyingi. "Mwanamke akisoma, shairi linanuka supu," aliwahi kusema, huku akitafuna biskuti za shangazi.

Jumapili iliyopita shangazi alifungua karatasi, akanyamaza. Nikachungulia. Lilikuwa shairi la bata mjane, mshona glavu, anayepiga kelele kila Jumapili ili apate mume wa pili.

"Vipi, Bi Aleida, koo limekauka?" Joost akauliza. "Si uachie kiti tu, mama, upumzike."

"Mpeni maji bata wa watu!" akasema Maarten muuza jibini, ambaye alishaichungulia karatasi juu ya bega la shangazi. Wakacheka. Hata Bi Neeltje, shoga wa shangazi tangu utotoni, alicheka ndani ya kikombe.

Nilitaka kuichana ile karatasi. Shangazi akanikanyaga mguu, akaanza kusoma.

Lakini alivyosoma! Utadhani anataja bei za samaki. Alivuta pumzi katikati ya mstari, akameza vina, akapita juu ya vichekesho kama hakuviona. Viko vikaanza kugongwa mezani, ko, ko, ko, ndivyo wanavyolikataa shairi bovu. Joost akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Bata akaenda sokoni..." Shangazi akapiga mwayo.

"Siyo hivyo!" Joost akaruka. "Hapo unatua kwanza! Unaniulia shairi langu, we mwanamke!"

Viko vikakoma kugongwa.

"Lako, Joost?" Maarten akauliza.

Shangazi akamwaga mashairi mezani, akamrushia kofia yake. "Mlango unaujua."

Alipotoka, Bi Neeltje akaanza, "Aleida, shoga yangu, sisi tulikuwa tunatania tu..."

"Nimefika nusu," shangazi akamkata. "Sheria ni mpaka mwisho."

Akalirudia tangu mwanzo, safari hii kwa sauti yake nzuri yote, akimtazama mmoja mmoja usoni. Hakuna aliyethubutu kucheka, wala kugonga kiko.