Koti la Mpiga Ngoma na Uzi wa Buluu

Enzi zetu za Guangzhou, watoto wa Kiswahili tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki. Nazungumzia miaka ya tisini mwishoni, kabla mji haujajaa ndugu na jamaa. Mama zetu walikwenda kufunga mizigo ya nguo, wakatubeba na sisi kwa kuwa hawakuwa na wa kumwachia, tukakaa mwezi, miezi, na wengine kama mimi mwaka mzima. Wenzangu wa wakati ule mtanikumbuka. Mimi ndiye Mwanaidi wa Kariakoo, yule aliyelala juu ya marobota ya jinzi na kuamka ana alama za kamba shavuni.

Tulipanga chumba ghorofa ya saba, nyuma ya maduka ya jumla ya Zhanqian Road. Lifti haikuwepo, na mama hakutaka kusikia malalamiko. Ilipoingia ile miezi ya unyevu kuta zilitoka jasho, nguo zikakataa kukauka, na mkate ukiuacha siku mbili ulikuwa umeota ndevu. Mama alipika wali wa nazi ya kopo kwenye jiko la umeme ambalo mwenye nyumba alikuwa amelipiga marufuku, dirisha limefungwa, taulo limesokomezwa chini ya mlango, na bado jengo zima lilijua tunakula nini. Shule yangu ilikuwa kukaa madukani na kusikiliza. Mwezi haujaisha nilikuwa najua kusema "tai gui", yaani ghali mno, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, na "mei you", hakuna, kwa kuwa ndilo jibu tulilopewa kila tulipoomba kitu. Wanangu leo wanajifunza Kichina kwenye simu. Wana nyota na vikombe vya ushindi humo ndani, na hawawezi kupunguziwa bei ya soksi.

Tulichezea juu ya paa, mimi na Fatma wa Unguja. Rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, inataka watu watatu, kwa hiyo tulimfundisha Lili, binti wa mwenye nyumba, na baada ya wiki mbili akawa anatushinda. Mpira wetu ulikuwa soksi zilizokosa wenzake, zimefungwa kwa utepe wa mzigo. Hatukuwa na betri ya kuisha wala nywila ya kusahau.

Basi mwaka huo akatokea mzungu mmoja mzee, Mskoti, mrefu, masikio yamemwiva kwa joto, amesimama katikati ya Zhanqian Road kavaa sketi ya mirabamiraba na soksi za magotini. Wauza nguo walikuwa wamemzunguka, mmoja anampima kiuno kwa futi, mwingine anamuuliza sketi hizo anataka ngapi na za rangi gani. Mama ndiye aliyemuokoa, maana alikuwa na Kiingereza cha shule na Kichina cha sokoni. Sisi watoto tukampa jina siku hiyohiyo: Babu Sketi.

Babu Sketi alikuwa mkurugenzi, mlinzi na mfagiaji wa jumba la makumbusho katika mji wao mdogo. Jumba ni neno la heshima tu, kwa sababu vilikuwa vyumba viwili juu ya posta. Humo ilihifadhiwa historia ya kikosi kimoja cha jeshi la Kiskoti, kikosi ambacho serikali yao ilikwisha kukivunja na kukichanganya na vingine, na mzee alikizungumzia kama mtu anayemzungumzia marehemu kaka yake. Alituonyesha picha za medali, za bendera iliyochakaa, na za bakuli la supu la jemadari fulani. Madiwani wa mji walikuwa wamempa mwaka mmoja: watoto wa shule waanze kuja, la sivyo vyumba vitageuzwa ofisi. Mzee akafikiri, akaona kwamba mtoto haji kutazama bakuli la supu, mtoto anataka kuvaa. Kwa hiyo alitaka makoti kumi na mawili ya kijeshi ya kitoto, na kwa kuwa historia ya Uskoti ilikuwa ghali mno kushonwa Uskoti, akapanda ndege.

Sampuli aliibeba mwenyewe, imefungwa kwenye shuka jeupe. Lilikuwa koti jekundu la mpiga ngoma wa kikosi, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekwenda vitani zamani hizo za bunduki za kushindilia. Begani lina tundu la nondo, kifungo cha tatu hakipo. Mzee alisema hilo ndilo pekee lililobaki duniani, na alikuwa akilipiga brashi kila Jumatatu kwa miaka thelathini. Mama alilipokea kwa mikono miwili.

"Limekuja hivi, litarudi hivi," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, hilo usilitazame hata kwa jicho la pembeni."

Mama alikuwa hana duka wala kibao. Alikuwa na neno lake tu, na watu walimpa mali zao kwa ajili ya neno hilo.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Mama akaenda msikitini, na mimi nikalitazama kwa macho yote mawili. Kisha nikalivaa, likanikaa kama nimepimwa. Nikapanda nalo paani, nikawaambia Fatma na Lili kwamba leo mimi ni jeshi. Lili akarusha mpira, nikakwepa, waya wa kuanikia nguo ukanidaka kwapani, na nikasikia kitambaa kinaachia. Fatma alikimbia. Lili akasema "mei you", hakuna kitu, hakuna kitu, lakini kitu kilikuwepo, urefu wa kiganja.

Nikashuka kutafuta sindano. Uzi uliokuwepo ulikuwa wa buluu, ule ambao mama alikuwa akinipindia sketi ya shule kwa ajili ya kurudi Dar. Koti jekundu, uzi wa buluu, na mshonaji ambaye hajawahi kushona hata mdoli. Mishono ilikwenda kama kuku aliyekanyaga unga. Nilijichoma mara mbili, nikafuta damu kwenye gauni langu, nikalikunja koti ndani ya shuka kabla mama hajamaliza ngazi.

Jumamosi tulilipeleka Kangle, kijiji kilichomezwa na mji, vichochoro vyake vimejaa vyerehani na vumbi la pamba. Karakana ilikuwa ya Bosi Chen, mtu mpole aliyenipa pipi za maziwa kila nilipokwenda, na sifa yake kubwa ilikuwa kunakili. Mpe shati, atakurudishia shati lilelile.

Baada ya wiki moja tuliitwa, sisi na Babu Sketi. Makoti yalikuwa yamepangwa mezani, jekundu juu ya jekundu, na mzee akatoa leso. Akashika la kwanza, akaona tundu la nondo. Akashika la pili, akaona tundu la nondo. Kifungo cha tatu hakikuwepo katika koti lolote. Bosi Chen alikuwa anatabasamu. Kisha mzee akainua mkono wa koti moja, na pale kwapani kulikuwa na mchano, na mishono ya buluu. Yote kumi na mawili yalikuwa nayo, kuku yuleyule kakanyaga unga uleule. Bosi Chen akaeleza kwa fahari kwamba ilibidi amweke binti mmoja kazi yake ni kushona vibaya tu, na ilimpa shida sana.

Mzee akalivuta lile la kwake, lililonuka nafthalini, akatazama kwapani. Mama akabadilika rangi.

"Laoban, mmelichana koti la watu," akasema. Laoban ni bosi.

"Mama, no, no. Sample imekuja hivi," Bosi Chen akajibu. "Sample ndiyo laoban. Mimi nafuata."

Mama hakutaka kusikia. Alimwambia kwamba kuanzia siku hiyo hatashona kwake hata leso, na wote waliokuja Kangle kwa neno lake atawahamisha. Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nyuma ya robota la kitambaa, pipi ya maziwa mdomoni. Ningenyamaza, lingepita.

"Mama," nikasema, "ni mimi. Huo ni uzi wa sketi yangu."

Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Alimgeukia kwanza Bosi Chen, akamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wake. Kisha akamgeukia Babu Sketi, akamtafsiria neno kwa neno, hakujitetea na hakunipunguzia. Mzee akavaa miwani. Akauliza nina miaka mingapi. Kumi, mama akasema. Akauliza kama niliogopa nilipokuwa nashona. Nikasema niliogopa mpaka nikajichoma. Akatoa daftari, akaandika kwa muda mrefu. Mwisho akauliza, kwa adabu kabisa, kama anaweza kupewa uzi uliobaki. Mama akampa kidonge kizima, na sketi yangu ikarudi Dar imepindwa kwa uzi mweusi.

Leo ukichana koti la mtu kamera nne zimekuona, na mama yako ametumiwa video kabla hujapata sindano. Watoto wetu hawana haja ya kukiri, wala hawana nafasi. Sisi tulikuwa na wiki nzima ya kuogopa, na mwisho wake mtu alikuwa anatungoja tuseme wenyewe. Mama ametangulia mbele ya haki, nami namkumbuka zaidi ninapopanda lifti.

Juzi nililitafuta lile jumba kwenye simu. Lipo, na watoto wanakwenda kwa mabasi. Makoti yale ya Kangle yananing'inia kwenye misumari, na lile la kwake liko ndani ya kioo, mkono umeinuliwa makusudi ili kwapa lionekane. Kibao kinaeleza kwamba mpiga ngoma wa kikosi, mtoto wa miaka kumi na miwili, alilishona mwenyewe, akiwa na hofu mpaka akajichoma sindano. Msomi mmoja ameongeza kurasa sita kuthibitisha kwamba uzi huo wa buluu ulitoka kwa mabaharia.

Binti yangu alikuwa akichungulia begani kwangu.

"Mama, huyu mtoto alishona vibaya jamani."

"Alikuwa na miaka kumi," nikamwambia.

"Hapa wameandika kumi na miwili."

"Basi wamekosea hapo tu," nikasema. "Hayo mengine yote ni kweli."