Ugoro wa Mzee Telesphori na Meno ya Tarumbeta

Meno ya mume wangu hayakuwahi kumuuma, na hilo linanikera mpaka leo. Yangemuuma angekwenda hospitali mbio, kama alivyokwenda siku alipochomwa na mwiba wa mgunga. Ugonjwa wa fizi hauna adabu ya kupiga hodi. Unaingia, unakula mfupa unaoshika meno, na mwenye kinywa anaendelea kutafuna makongoro kama kawaida.

Agapiti anapuliza tarumbeta. Ukiona msafara wa harusi unapita Nyasubi na matarumbeta yako nyuma ya pikapu, yule mrefu anayefumba macho ndiye huyo. Nilimwona mara ya kwanza kwenye harusi ya binamu yangu, nikaacha pilau yangu ikapoa. Watu hudhani tarumbeta inataka pumzi tu. Inataka meno ya mbele pia, maana midomo inaegemea pale, na meno yakilegea sauti nayo inalegea.

Kwao ni Ushetu, walimaji wa tumbaku. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini fizi zake zilianza kutoka damu kila akipiga mswaki. Baba yake, Mzee Telesphori, akamfinyia ugoro wa tumbaku iliyokaushwa kwenye bani, banda lao wenyewe la kukaushia, akamwambia aubane chini ya mdomo wa juu. Baada ya siku chache damu ikakoma. Basi, amepona. Na kwa kuwa mswaki ndio ulioleta damu, akauweka kando, kwa hoja kwamba kidonda hakichokonolewi. Ukoo mzima unafanya hivyo. Nami nilipoolewa nikaona, nikanyamaza, kwa hiyo sehemu ya hasira hii inanistahili mimi mwenyewe.

Mwaka juzi, katikati ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini, sauti ilimkatika. Nyumbani nikamwambia afungue mdomo. Meno mawili ya mbele yalicheza nilipoyagusa, kama nguzo iliyoliwa na mchwa chini kwa chini.

Tukaenda kwenye kliniki moja ya mjini. Kwenye benchi tulikuta watu tisa, na kila aliyetoka alikuwa ameng'ata pamba. Zamu yetu ilipofika, mtaalamu alimtazama Agapiti, koleo likiwa mkononi.

"Jino linalocheza ni la kung'oa."

"Limeharibiwa na nini?" nikauliza.

"Umri, mama."

Agapiti alikuwa na miaka thelathini na minane. Nilimshika mkono tukatoka, nikiwa nimefura kiasi kwamba nilisahau kanga yangu kwenye benchi, na sikurudi kuichukua.

Aliyetuokoa ni Kantaben, mama wa duka la vitambaa, ambaye kikundi cha Agapiti kilimpigia harusi ya mwanawe. Binti yake, Varsha, ni daktari wa meno Mwanza. Huyo alikaa na Agapiti karibu saa nzima. Alipima kila jino kwa kijiti chembamba chenye alama, akapiga picha, kisha akatuonyesha palipopaswa kuwa na mfupa. Palikuwa peusi.

"La kulia limekwisha, Mama Salome, sitakudanganya," aliniambia. "La kushoto lina shimo kwenye mfupa, lakini shimo lenyewe bado lina kuta. Kwanza nitasafisha ukoga ulioganda chini ya fizi. Fizi zikitulia nitazifungua, nitie chembechembe za mfupa, nizifunike na utando. Mfupa wake mwenyewe unaweza kuota humo. Kwenye pengo nitaweka jino la bandia la kuegemea meno ya jirani."

"Nitapuliza?" Agapiti akauliza. Hilo ndilo pekee alilotaka kujua.

"Likishika, utapuliza. Ila ugoro uache leo. Mfupa hauoti penye tumbaku."

Akaacha. Akapiga mswaki asubuhi na jioni, mimi nimesimama mlangoni kama askari. Wiki ya pili damu ikaanza kutoka, na mwenye fizi akaanza kuogopa. Ndipo Mzee Telesphori alipokuja kututembelea, na kopo lake dogo la bati la ugoro.

"Unaona?" akamwambia mwanawe. "Nilikuponya mimi, wao wamekutonesha."

Siku tatu baadaye damu ilikoma. Agapiti akafurahi, akasema hakuna haja tena ya kwenda Mwanza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilipokuwa nafua nilikikuta nguoni kweli, kopo la bati kwenye mfuko wa shati lake. Sikupiga kelele. Nilimpigia Varsha simu.

"Tumbaku inabana mishipa midogo ya damu," akasema. "Fizi inaumwa lakini haitoi damu, kwa hiyo mtu anadhani kapona. Damu ile ilikuwa fizi inapata uhai wa kulalamika. Ugoro umeiziba mdomo tena."

Miaka kumi na minane, basi, mume wangu alikuwa akiliwa mfupa huku akimshukuru anayemlisha sumu.

Sasa, kwetu mkwe hamtazami baba mkwe usoni. Akila, mimi nipo upande wa pili wa nyumba. Akizungumza, nainamisha macho. Miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kumwona akitafuna. Jioni ile, Mzee akiwa bado mgeni wetu, nilipiga magoti mbele yake kama inavyotakiwa, nikaweka lile kopo chini, kisha nikainua macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," akaitika, akiniita mama kwa lugha yao.

"Baba, nisamehe. Una meno mangapi?"

Agapiti alisimama, akakaa tena. Mzee aliweka mkono mdomoni, na hapo nikagundua kwamba kila alipocheka alikuwa anauweka hapo.

"Ya juu hayapo," akasema. "Uzee."

"Yalitoka ukiwa na miaka mingapi?"

Alihesabu kwa mavuno. "Arobaini. Arobaini na moja."

"Na babu?"

"Naye hivyo hivyo. Ukoo wetu meno huondoka mapema."

Agapiti alikuwa anamtazama baba yake aliyekula naye sahani moja tangu utotoni, kana kwamba wametambulishwa siku hiyo. Kisha Mzee akaokota kopo, akaenda nje, nikasikia akilimwaga shimoni kwenye takataka.

Upasuaji ulifanyika mwezi wa tano. Jino la kulia likatoka, la kushoto likafunguliwa fizi, likajazwa, likashonwa. Agapiti alikaa miezi tisa bila tarumbeta, akipiga ngoma kwenye kikundi chake mwenyewe, na kila harusi alirudi nyumbani kanuna. Nilimvumilia. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Varsha alipiga picha nyingine, na Jumamosi iliyofuata mume wangu alipuliza wimbo mzima, pole pole, macho kafumba.

Mzee Telesphori alikuja kuziona zile picha. Siku hizi mimi na yeye tunatazamana, mila itusamehe. Aliziinua moja moja dirishani, ya kwanza yenye weusi, ya pili yenye weupe.

"Huu weupe ndio mfupa?"

"Ndio, baba. Umeota."

Akaingiza kidole chini ya mdomo wake wa juu, akapapasa fizi tupu kutoka pembe hadi pembe.

"Wakati wangu," akasema, "dawa hii ilikuwepo?"

Swali hilo nilikuwa nimeshamuuliza Varsha mapema, nikitumaini atanipa jibu la kumtuliza mzee. Hakunipa.

"Ilikuwepo, baba."

Aliziweka picha juu ya meza, akazisawazisha kingo.

"Nilikwenda zahanati mara nne," akasema. "Mara zote nne walinipa pamba ya kung'ata."