Nilisema Huyu ni Wetu

Sikulazimishi uniamini, lakini nitakueleza jambo hili kama lilivyonitokea, na sitaruka mahali ninapoonekana vibaya. Wengi wakisimulia mambo ya namna hii, wao ndio wanakuwa mashujaa. Mimi sikuwa. Tena ilikuwa mchana, siku ya mashindano, na watu waliotuhesabu kwa macho yao bado wapo hapa Durban.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilipofika mji huu sikuwa na pa kulala. Aliyenichukua ni Mkongomani wa Bukavu, fundi wa simu, jina lake Espoir. Alinitandikia godoro sebuleni kwake Berea nikakaa miezi minane, na hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Ananizidi umri, kwa hiyo namwita Ya Espoir, kama wenzake wanavyomwita mtu aliye kaka yao.

Kazini kwetu kuna klabu ya mbio za ramani. Mnapewa ramani na dira, mnaingia porini, mnatafuta vituo vilivyowekewa vibendera vya rangi ya chungwa. Timu ni watu watatu, na lazima mfike pamoja kila kituo. Akikosekana mmoja, hamjafika. Miaka miwili mimi nilikuwa wa akiba, nabeba maji ya wenzangu. Mwaka huo mkuu wa klabu akaniambia niunde timu yangu, na timu tatu za kwanza kwenye mashindano ya klabu zingekwenda kukimbia kwa jina la klabu kule milima ya Drakensberg. Nilitaka kwenda Drakensberg kuliko nilivyotaka kitu chochote, na mpaka leo sijui kwa nini.

Nilimpata Achieng, Mkenya anayesomea uuguzi, ambaye akiangalia ramani ni kama ameshapita hapo. Wa tatu alijileta mwenyewe. Espoir aliviona viatu vyangu vya mbio mlangoni akasema, "Na miye nitakimbia na nyie. Niko nanenepa bure mu duka."

Ningemkataliaje?

Tulikuwa na wiki moja tu ya mazoezi. Jumatatu tulipanda mteremko wa Berea mara sita, kutoka kwenye robot ya chini, yaani taa za barabarani, mpaka juu kabisa, na mara ya nne Espoir akatapika kando ya ukuta wa nyumba ya watu. Jumanne tuliingia kwenye kichaka cha Morningside kujifunza dira, tumbili wanatutazama. Jumatano nikamvuta Achieng pembeni, nikamwambia tutafute mtu mwingine.

Achieng alikunja ramani. "Basi mwambie wewe. Ni ndugu yako."

Sikumwambia. Alhamisi tulikwenda ufukwe wa Bluff kukimbia mchangani, na huko nilimwacha makusudi, nikitumaini atakata tamaa mwenyewe nisilazimike kusema. Alitufikia baada ya muda mrefu, viatu mkononi, anacheka. "Jumamosi mtanitafuta mbele," akasema. Ijumaa tulipumzika, tukagawana kazi. Achieng angetangulia na ramani. Espoir angekuwa katikati. Mimi ningekaa nyuma, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kuangalia mtu asiachwe.

Jumamosi tulianza saa tatu asubuhi kwenye bonde lenye msitu, nje ya mji, kupita yalipo mashamba ya miwa. Zilikuwa mbio za muda wa saa sita. Mpaka kituo cha tano tulikuwa timu ya nne, na nilikuwa naziona fulana za timu ya tatu mbele yetu. Saa sita mchana ukungu ukaanza kushuka. Si ule wa kutisha, ni ukungu tu, watu wa huko wanaujua.

Baada ya kituo cha tano kuna mto mdogo wenye mawe. Achieng alikuwa ameshavuka na anapanda ng'ambo. Nikavuka, maji yananifika magotini, nikampita Espoir aliyekuwa ameinama ukingoni.

"Ndugu, ngoja kidogo," akasema. "Niko nafunga kiatu."

"Funga. Nipo hapo juu."

Nikapanda. Pale juu nilisimama, labda dakika moja, labda haikufika. Niliiona timu ya tatu ikipotelea kwenye ukungu. Nikageuka nikaanza kukimbia, huku najiambia atatufikia.

Akatufikia. Nilisikia hatua nyuma yangu, nikageuka, nikaona fulana ile ile ya njano na uso ule ule wa Espoir. Nilifurahi, niseme kweli. Nikamuuliza, "Ya Espoir, upo sawa?" Akaitikia kwa kichwa.

Tulikwenda mbali kidogo ndipo nikaanza kuona. Asubuhi nzima nilikuwa nimemsikia Espoir anavyohema, kama mtu anayesukuma gari. Huyu alikuwa hahemi. Viatu vyangu vilikuwa vinatoa maji kila nikikanyaga. Vyake vilikuwa vikavu, na tulikuwa tumetoka mtoni wote. Nikampa chupa ya maji, akaishika, akanirudishia bila kuifungua. Chupa ilirudi ikiwa baridi kuliko nilipompa.

Wewe ungefanya nini? Najua utasema ungepiga kelele, ungekimbia. Mimi nilitazama saa yangu. Tulikuwa tunakwenda vizuri kuliko siku zote za mazoezi. Hilo ndilo lililonipita kichwani, na ndilo ninaloliombea msamaha kila nikilala.

Kisha ikaja sauti kutoka chini bondeni. Iliita jina langu, ikasema, "Ningojeni, ndugu." Ilikuwa sauti ya Espoir, na lafudhi yake. Huyu wa pembeni yangu hakugeuza hata shingo.

Achieng alisimama mbele. "Nani anaita?"

"Timu nyingine," nikamjibu.

"Anaita jina lako. Ni Espoir huyo."

"Espoir huyu hapa, tupo naye."

Akachungulia kwenye ukungu, akaona fulana ya njano, akarudi kwenye ramani yake. Hakuwa na sababu ya kunidhania mimi muongo. Sauti ile iliita mara mbili tena. Niliisikia mara zote mbili.

Kituo cha nane kilikuwa na msimamizi, mzee wa Kizulu amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vichwa na kutoboa kadi yetu. Alimhesabu Achieng, akanihesabu mimi, akafika kwa wa tatu, mkono wake ukabaki hewani. Kisha akaivuta miguu yake chini ya kiti, kama mtu anayeona maji yanamjia, akaniuliza polepole kwa Kiingereza, "Na huyu, kijana wangu, ni wenu?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusema kweli. Niamini, nilijua. Moyo wangu ulijua kabisa.

Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Huyu ni wetu."

Akatoboa kadi bila kuniangalia tena.

Tulimaliza wa tatu. Watu walipiga makofi, Achieng akanikumbatia, akageuka amkumbatie Espoir. Hapakuwa na mtu. Majani tu na kamba za kumalizia.

"Yuko wapi?"

"Ameenda chooni," nikasema.

Jibu hilo lilinitoka bila kufikiri, na nililishikilia karibu saa nzima. Nilikula chungwa. Nilipeana mikono na mkuu wa klabu, akaniambia nianze kujiandaa kwa milima. Mwishowe Achieng alikuja akasimama mbele yangu, uso umembadilika.

"Nimekwenda chooni. Nimeangalia kila gari. Espoir yuko wapi?"

"Mtoni," nikasema. "Baada ya kituo cha tano."

"Umejua tangu lini?"

Hakungoja jibu, alikwenda kuwaita waokoaji.

Tulirudi bondeni na watu watano wenye filimbi na machela. Jua lilikuwa linazama tulipompata. Alikuwa ameteleza chini ya ukingo, mguu umenaswa kati ya mawe mawili, kifundo kimevunjika, na maji yanampita kifuani. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Nilitegemea anitukane. Ningetaka anitukane.

Aliponiona alitabasamu. "Aksanti, ndugu," akasema. "Aksanti ya kukaa na miye."

Nilidhani baridi imemchanganya. Akawageukia waokoaji, akawaeleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba rafiki yake alirudi, akapiga magoti pale, akamshikilia kichwa juu ya maji muda wote. "Hakusema hata neno moja. Aliposikia filimbi zenu ndiyo akaenda kuwaita."

Mmoja wa waokoaji alinipiga begani, akaniambia nimefanya vizuri. Achieng aliyasikia yote. Alimulika tochi yake kwenye tope pembeni ya kichwa cha Espoir. Palikuwa na alama za magoti mawili, zimezama, kama za mtu aliyekaa hapo mchana kutwa. Kisha akamulika magoti yangu. Yalikuwa masafi.

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili. Nikainama, nikamwambia Espoir, "Usiongee. Pumzika."

Achieng aliwaambia klabu kwamba hatukufika sote, jina letu likafutwa, na alifanya haki. Tangu siku hiyo tukikutana mjini ananiitikia kwa kichwa tu. Kuhusu yale aliyoyasikia pale mtoni hajawahi kumwambia Espoir ukweli. Nadhani ameniachia mimi.

Espoir alipasuliwa mara mbili. Ana chuma kwenye kifundo, na mvua ikikaribia anachechemea. Kanisani kwao alitoa ushuhuda, akanisimamisha mbele ya watu, na akina mama wakaja kunishika mikono mmoja mmoja. Mwaka jana mke wake alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya kumpa jina waliniita nyumbani, Espoir akanipakatisha yule mtoto, akawaambia wageni, "Ataitwa jina la huyu. Huyu hakuniacha." Nilimpakata. Nikasema asante.

Sijui kilichokimbia na mimi kilikuwa nini. Sijui kilichokaa naye kilikuwa nini, wala kama vilikuwa kitu kimoja. Yule aliyekaa naye ndiye ninayemfikiria zaidi, maana alikuwa na uso wangu na alifanya kazi yangu. Ukungu ukishuka juu ya Berea nafunga mapazia, naogopa nitamwona amesimama ng'ambo ya barabara, ananitazama.

Sasa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, nakuomba moja. Ukipewa mtu wa kumwangalia nyuma, mguse, akujibu kwa mdomo wake mwenyewe. Na kama umeshamwacha, kiri siku ile ile, mbele yake, hata kama amelala kwenye machela. Usingoje kesho. Kesho watakuwa wameshaanza kukushukuru, na hapo ulimi hauinuki tena.