Kanuni ya Kurudia Maneno ya Mgeni

Nilimwona hongo wa maji amekaa kwenye kiti cha Padri, anakunywa kahawa ya Padri kwa kikombe cha Padri.

Sikuwa naota. Ilikuwa mwaka 1905, saa tisa mchana, jua linawaka, ndani ya shule ya makatekista, mwendo wa asubuhi moja kutoka boma la Songea.

Na aliyemleta pale ni mimi.

Kama hujui hongo ni nani, alikuwa mjumbe aliyepita vijijini na dawa. Anakupaka maji, anakunywesha, anakuambia risasi ya Mdachi ikikufikia itageuka maji. Sisi tulikuwa tunasomea kufundisha watu katekisimu. Sasa jiulize alifuata nini kwetu.

Alialikwa. Tena kwa kura.

Tulikuwa na kitu tulichokiita Baraza la Maswali. Wanafunzi kumi na mmoja, kila Jumapili baada ya chakula, tunakaa darasani tunabishana mambo ya dini.

Mwenyekiti alikuwa Osmund. Kifua mbele, sauti kubwa, kichwani hamna kitu. Alikuwa na msemo wake mmoja: "Msomi hasikii upande mmoja." Aliusema hata tukigombania ukoko wa ugali.

Mimi, Hironimus, nilikuwa katibu, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Sikuwa na kingine cha kujivunia, basi nikajivunia huo.

Baraza lilikuwa na kanuni moja tuliyowekewa na Padri mwenyewe. Mgeni akimaliza kusema, mwanachama mmoja anasimama na kuyarudia maneno yake yote kana kwamba ni yake. "Mimi nasema hivi, mimi naamini hivi." Huruhusiwi kuyapunguza wala kuyachafua. Mgeni akiridhika anajibu, "Ndivyo nilivyosema." Hapo tu ndipo unapata ruhusa ya kumpinga.

Ilikuwa kanuni nzuri. Tatizo ni kwamba iliangukia mikononi mwetu.

Mgeni wetu wa kwanza alikuwa Mwalimu Daimu, Myao wa Tunduru, mzee aliyefundisha watoto Kurani. Waumini walinung'unika wiki nzima. Mwislamu atasimamaje mbele ya msalaba? Padri akawaambia imani isiyoweza kusikiliza haiwezi kufundisha, akaja kukaa nyuma na kiko chake kilichozimika.

Daimu alisema kwa utulivu. Mwenyezi Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, na hahitaji picha ukutani. Osmund alitaka kumjibu kwa kupiga meza. Akasimama Kajetani.

Kajetani alikuwa Mngoni, mpole, mtu ambaye hata akikohoa anaomba radhi. Aliyarudia maneno ya mzee moja baada ya jingine mpaka mzee akatabasamu.

"Ndivyo nilivyosema," Daimu akasema. "Tena umeyapanga kunishinda mimi."

Kisha Kajetani akampinga, hoja kwa hoja, bila kumvunjia mtu heshima. Mzee akamshika mkono. "Mwanangu, ungezaliwa kwetu ungekuwa imamu."

Niliandika kila neno la sifa zake kwa mkono wangu. Nikiri tu, iliniuma.

Miezi ikapita. Padri akasafiri kwenda pwani, shule akamwachia Osmund. Habari za maji zilikuwa zimejaa kila penye mtungi wa pombe, na Osmund akaona hapo ndipo pa kupatia jina. Akaitisha kikao.

"Tumwite hongo."

Kajetani akainuka. "Mlongo wangu, ndugu yangu, huyo hatembei kutafuta majibizano. Huko Umatumbi watu wameshakufa kwa maneno yake. Tukimleta hapa tutaitwa watu wake."

"Unaogopa hoja?"

"Siogopi hoja. Nawaogopa nyinyi mnaotafuta sifa."

"Msomi hasikii upande mmoja," Osmund akasema, akaomba mikono.

Mikono kumi ikapanda, wangu ukiwemo. Sikutaka kumsikia hongo wala nini. Nilitaka Kajetani ashindwe hata mara moja.

Osmund akanituma mimi nikamlete. Nilimkuta mahali watu wamepanga foleni kunyweshwa. Nikamweleza habari za baraza, wasomi, kanuni. Aliuliza jambo moja tu: kuna nyama?

Nikamwambia kuna kahawa. Akaja.

Basi ndiyo hiyo Jumapili ninayoisema. Jamaa alikuwa mwembamba, kibuyu kiunoni, anatuangalia kama kuku wa kununuliwa. Akatuambia tumeuza masikio yetu kwa kengele. Akasema pamba ya Wadachi itakauka, risasi zao zitageuka maji, na kila mwanamume achukue mkuki awafukuze. Osmund alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Wenzangu macho yao yalikuwa kwenye kibuyu.

Alipomaliza, Osmund akauliza nani atarudia.

Mashujaa kumi wa kunyoosha mikono tukaangalia sakafu.

Akasimama yule yule aliyepinga mgeni kuitwa. "Mgeni ameshafika," Kajetani akasema. "Kanuni ni kanuni."

Akarudia. "Mimi nasema, risasi za Wadachi zitageuka maji. Mimi nasema, chukueni mikuki muwafukuze." Hotuba ya mgeni hatukuiandika, marudio tu, nami naandika: Kajetani akasema, Kajetani akasema.

"Ndivyo nilivyosema," hongo akajibu.

Kajetani akamgeukia. "Baba, sasa nakuomba. Hapo nje yupo mwindaji na gobore lake. Jipake dawa yako, asimame mbali, apige. Risasi ikigeuka maji, nakufuata leo hii, na msalaba huu nauvua."

Hongo akajifuta mdomo, akasema dawa haijaribiwi, akafunga kibuyu chake, akaondoka. Na kikombe cha Padri akaondoka nacho.

Hilo jibu la Kajetani halimo kwenye daftari la baraza. Wino uliisha. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu.

Wiki chache baadaye vita vikawaka kwetu. Wapiganaji wakaichoma shule. Risasi hazikugeuka kitu. Baadaye Wadachi wakachoma mashamba na maghala, watu wakala mizizi.

Osmund, msomi wetu, alikimbilia boma na daftari kwapani. Akalitoa kabla hajaulizwa. Akasema alikuwa anawachunguza wahaini, na siku ya hongo yeye alikuwa kitandani na homa.

Kajetani walimkamata kwao, anachimba mizizi na mama yake.

Siku ya shauri wanafunzi tuliobaki tuliitwa bomani, na bwana mkubwa wa boma akasoma daftari kwa sauti. Kiswahili alikijua vizuri, kwa bahati mbaya. "Kajetani akasema, chukueni mikuki muwafukuze." Akainua uso. "Ni maneno yako?"

"Bwana, ni kanuni ya baraza letu. Nilirudia maneno ya mgeni, kisha nikampinga. Muulize katibu."

Wakanisogeza mbele. Osmund alikuwa pembeni, kanzu safi, anakagua kucha zake.

"Huu mwandiko wako?"

"Ndiyo, Bwana."

"Alimpinga yule mchawi?"

Kajetani akaniangalia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alijua nani alitumwa kumleta hongo, na siku zote za kifungo chake hakunitaja. Aliniangalia mimi kama mtu anayejua shahidi wake amefika.

Nikawaza: nikisema alimpinga, nitaulizwa mbona sikuandika. Kisha nitaulizwa nani alimleta mgeni.

"Alisema kama ilivyoandikwa, Bwana. Mengine sikumbuki. Wino uliisha."

Kajetani hakunitukana wala hakulia. Akauliza tu, kwa upole wake ule ule, "Hironimus, ndivyo nilivyosema?"

Nikatazama daftari. Walimnyonga kesho yake.

Bwana mkubwa aliupenda mwandiko wangu. Akanifanya karani wa boma. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika majina ya walionyongwa, nikaliandika lake pamoja na mengine, herufi zimesimama vizuri, bila doa.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia hata Padri katika kitubio.

Wino ulikuwepo. Kidau kilikuwa zaidi ya nusu. Kajetani alipomwambia hongo asimame mbele ya gobore, nilijua hakuna atakayesema jambo zuri kuliko lile pale darasani, nami nimechoka kumwandikia ushindi wake. Nikaweka kalamu chini. Ni hivyo tu. Kijicho cha Jumapili moja.

Watu wa hapa wanapenda kusema wageni ndio walioleta balaa, kwamba tusingewaalika kina Daimu na kina hongo tungekuwa salama. Upuuzi. Daimu alituachia heshima. Hongo alituibia kikombe.

Alikeni mgeni yeyote mnayemtaka, mwenye dini na asiye na dini, aseme mpaka achoke. Ila kabla hajafungua mdomo, mtazameni vizuri aliyeshika kalamu.