Damu Zetu Haziendani

Fundi cherehani jirani yetu huishiwa damu kama simu inavyoishiwa chaji. Ikikaribia kwisha, viganja vinapauka kama chaki, uzi unagoma kuingia kwenye sindano, na ngazi za kibarazani anazipanda kwa vituo, akiitukana kila moja. Akishaongezewa chupa anarudi akiimba, na wateja wote tunaitwa "mpenzi". Wote, isipokuwa wifi yake. "Yule? Damu zetu haziendani," husema, akikata uzi kwa meno. Juzi damu ilikosekana hospitali nzima, wifi akajitolea. Nesi akaja mbio, anacheka: "Mama, tumepima, zimeendana kabisa!" Fundi alikuwa hoi kitandani, hata kope zinamlemea. Akainua kidole kimoja. "Pima tena."