Maksai Wawili Kwenye Jedwali

Nilipenda majedwali kupita kiasi. Chuoni wenzangu walipenda mpira, wengine wasichana. Mimi ukinipa rula na penseli nilikuwa nimeshiba. Nilipopangiwa kufundisha siasa katika shule moja ya sekondari mjini Musoma, somo lililonikaa moyoni lilikuwa lile la nchi rafiki, zile zilizoshikamana kuusaidia ukombozi wa kusini mwa Afrika, na kila moja inatoa nini kwa ajili ya majeshi na ulinzi. Majina ya nchi niliyaandika kushuka chini, miaka nikaipanga kwenda kulia, na visanduku nikavijaza kwa niliyoyapata magazetini na redioni. Iliyotoa zaidi ilikaa juu. Mwaka ukibadilika nilifuta nikapanga upya, na wanafunzi wakanakili.

Siku moja msichana wa dawati la nyuma aliuliza kwa nini nchi fulani ndogo ilikuwa chini miaka yote. "Mwalimu, na kama ndicho walichokuwa nacho chote?" Nikamjibu kwamba jedwali halina huruma. Darasa likacheka, nami nikajiona mjanja sana. Leo ningempigia magoti yule binti.

Kisha vita vikatufikia wenyewe. Jirani alivuka mpaka upande wa magharibi mwa ziwa, redio ikabadili sauti, na nchi nzima ikaanza kuchangia. Waliokuwa na mahindi walitoa mahindi, waliokuwa na ng'ombe wakaombwa ng'ombe kwa ajili ya askari wetu. Shule zilipofunga nilikwenda nyumbani Bugwema, kwa mama.

Mama alikuwa mjane. Baba alifariki muda mfupi baada ya sisi kuhamia kijiji cha ujamaa, akamwachia shamba la pamba, plau, na ndama madume wawili. Mama aliwafuga mpaka wakawa maksai, akawafundisha kulima yeye mwenyewe, kazi ambayo kwetu ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Watu walimtania kwamba siku moja ataota ndevu. Mwekundu alikaa kulia, akipita ndani ya mtaro. Mweusi mwenye baka usoni alikaa kushoto. Ukiwabadilisha upande, wote wawili walisimama tu wakikutazama. Hakuwa na ng'ombe wengine.

Alipoombwa kuchangia, alimtoa mweusi. Shamba lilikuwa bado nusu. Alisema jirani mmoja ana maksai aliyebaki bila mwenzake, wangeunganisha wakamalizia kazi pamoja. Mpango huo ulikuwa mzuri, na ungefaa kabisa kama nisingekuwepo.

Mwenyekiti wa kijiji aliniita. "Mwalimu, wewe si unafundishaga mambo ya kupanga? Tupangie na sisi, watu waone nani amechangia nini."

Nilifurahi kama mtoto. Nilichukua karatasi kubwa, nikachora mistari, nikaandika kaya zote zilizotoa ng'ombe, na safu kwa kila mkutano wa uchangiaji. Juu kabisa nikamweka mzee mmoja ambaye ng'ombe wake hakuna aliyewahi kumaliza kuwahesabu. Alikuwa ametoa wanne. Wa mwisho kabisa alikuwa mama, na maksai wake mmoja. Ila jina lililoandikwa pale halikuwa lake. Nyumba yetu iliandikishwa kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye mwanamume niliyebaki. Tuliibandika karatasi kwenye ukuta wa ghala la pamba.

Mama hakujua kusoma. Alikuja akasimama mbele ya ukuta, kanga kiunoni.

"Wewe uko wapi hapo?"

"Chini, mama. Pale mwisho."

"Chini ya watu wote?"

"Ni kwa hesabu tu, mama. Tumetoa mmoja."

"Na wewe ndiye mwalimu wao," akasema, akaondoka.

Asubuhi yake alimfungua mwekundu, akamwongoza mwenyewe hadi kwenye lori lililokuja kukusanya ng'ombe. Nilimkimbilia nikamwuliza atalima na nini. Akaniambia nisimtie aibu mbele za watu. Kisha akamgeukia karani aliyekuwa akipokea ng'ombe.

"Baba, huyu anakaaga kulia. Mwenzake mmemchukua juzi, ana baka usoni. Muwafunge pamoja. Na msimpige, anaogopaga fimbo."

Karani alinitazama akitabasamu. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Inabidi nieleze jambo moja la kwetu. Mtu humpa rafiki yake ng'ombe akae naye. Maziwa ni ya anayemtunza na samadi pia ni yake, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na mwenyewe anaweza kwenda siku yoyote kumjulia hali. Hata miaka ikipita mingi, ng'ombe hurudi. Mama hakuwa mjinga. Alijua askari wanakula nyama. Lakini wale walikuwa ng'ombe wa kazi, na kwake ng'ombe wa kazi hachinjwi akiwa bado na nguvu. Aliamini amewapa jeshi kwa muda, wavute mizigo, kama unavyompa rafiki aliyepatwa na shida. Nililielewa hilo pale pale kwenye lori, na sikufungua mdomo kumwambia kwamba wote wa lori lile wangechinjwa.

Likizo iliyofuata, kabla hata sijaweka mzigo chini, aliniuliza, "Ng'ombe wetu wana hali gani huko?" Kwa kuwa nilifanya kazi mjini, karibu na maofisa, alidhani nina habari zao.

"Wazima, mama," nikasema.

Nilijiambia nitamweleza akishavuna. Alipovuna nikasema nitamweleza vita vikiisha. Vita vikaisha, askari wakapita na nyimbo. Mama alikwenda hadi barabarani Bunda pamoja na wanawake wengine. Mmoja wao alinisimulia baadaye kwamba wenzake walikuwa wakipunga majani wakilia kwa furaha, yeye alikuwa akichungulia nyuma ya kila lori.

"Bado hawajawaleta," aliniambia.

"Wako wengi, mama. Watawaleta kwa zamu."

Yaani nilimtungia mpaka zamu! Mimi, niliyewachapa wanafunzi kwa uongo mdogo kuliko huo.

Alilima kwa jembe la mkono. Nilimpa hela akodi plau, akanirudishia. Akasema hela nikanunulie viatu, maksai wa kwake wako njiani. Aliishusha nira ya maksai wale kila msimu ulipokaribia, akaipaka mafuta isipasuke, akairudisha ukutani. Shamba lile halikuwa la mtu mmoja kulimaliza kwa mkono, na mama hakuwa msichana. Kila nilipokuja nilimkuta amepungua. Nami shuleni sikuweza tena kufundisha lile somo la nchi rafiki. Niliwaambia wanafunzi wasome wenyewe kitabuni.

Msimu wa pili baada ya vita, mvua zilipoanza, alikaa pembeni ya shamba kupumzika, na majirani wakamkuta hawezi kusimama. Walimpeleka zahanati. Nilipofika kutoka Musoma alikuwa ameshafariki. Nilichelewa kwa saa chache tu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechelewa tangu siku ya lori.

Baada ya maziko mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuja kutoka Mugango, aliniita tukakaa nyuma ya nyumba. Alikuwa mtu mkavu, hakutoa chozi msiba mzima.

"Mwalimu, kuna neno nataka unisaidie," akasema. "Mwaka jana nilimletea dada yangu madume mawili, yameshafundishwa kulima. Nikamwambia chukua, acha kujiua na jembe. Akakataa. Nikayarudisha Mugango kwa miguu."

"Alikataa kwa nini, mjomba?"

"Alisema zizi ni dogo. Alisema wewe umemhakikishia wa kwake wazima, wanakuja kwa zamu. Akipokea wangu, wa kwake watalala wapi?"

Kwenye ukuta mbele yetu ilining'inia nira, iking'aa mafuta.

"Sasa wewe ndiye mwenye mji hapa nyumbani," mjomba akaendelea. "Nilitaka kujua tu. Wanarudi lini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba maksai wale waliliwa zamani, labda hata kabla mama hajamaliza kulima msimu ule wa kwanza, na kwamba mimi nilijua siku zote. Mjomba aliinuka, akatembea hadi kwenye zizi tupu, akashika mti wa mlango, na hapo ndipo alipolia.