Kihenge Nilichokijaza kwa Chaki

Nawashukuru watu wa Machochwe kwa kuniachia bado watoto wao niwafundishe hesabu.

Mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa aliniuliza kihenge cha kijiji kina ulezi kiasi gani, maana familia zilizohamia zilikuwa hazijavuna. Kihenge chenyewe kina tumbo kama la mjamzito. Nikamwomba mtunzaji wake, Mama Bhoke, apime kwa kamba upana wa duara lake kila hatua, kutoka chini hadi juu. Kila upana nikaugawa kwa mbili nipate nusu kipenyo, nikatafuta eneo la kila duara, nikayaunganisha kwa kalkulasi. Ujazo ulikuwa wa kutisha! Nikatangaza mkutanoni kwa madaha: "Wageni, njooni na magunia!"

Wakaja nayo. Hata nusu yao hawajapata, kibuyu cha kuchotea kikakwangua sakafu ya kihenge.

Hakuna aliyenizomea. Wenyeji walikwenda makwao, wakarudi na vikapu vya ulezi wao, wakawajazia wageni. Hata mimi nilipewa uji.

"Mama, ule upana uliupimaje?" nikanong'ona.

Akajibu uwanja mzima ukisikia: "Nilizungusha kamba, mwalimu. Ningepitaje katikati na ulezi umejaa?"